Paul Aliniambia Nitokee Dirishani

Mara ya kwanza nilipoicheza Deus Ex niliifuta kabla ya saa moja kuisha. Ilikuwa Novemba 2023, wakati wa mgao wa umeme, na hapa Kaloleni, Arusha, nilipo na meza yangu ya ufundi simu, umeme ulikuwa unaondoka asubuhi na kurudi jua limeshapinda. Fundi simu asiye na umeme hana la kufanya ila kulinda simu za watu. Nilikuwa na laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilikuwa bado nzima, nikatafuta gemu inayoweza kukubali kwenye mashine isiyo na kadi ya picha. Hii ni ya Juni 2000, uzito wake haufiki gigabaiti moja, na siku ile ya punguzo bei yake ilikuwa chini ya sahani ya chipsi kuku. Nikanunua.

Kilichonikera ni risasi. Nilikulia kwenye mabanda ya video, enzi za movi za kutafsiriwa, na kule sheria ilikuwa moja: steringi hakosi. Sasa hapa nimesimama hatua tano kutoka kwa mlinzi aliyenipa mgongo, nimemlenga kichwani, nimefyatua, risasi imepiga ukuta. Ya pili, ukuta. Ya tatu ikampata begani, akageuka, akaniua. Nikarudia mara sita au saba, mambo yakawa yaleyale. Nikasema gemu hii ni mbovu, imezeeka, na wanaoisifia wanasifia utoto wao. Nikaifuta, nikaendelea kusubiri umeme.

Aliyenirudisha ni kijana mmoja wa chuo aliyeniletea simu yenye kioo kilichopasuka. Tulikuwa tunapiga stori tukisubiri gundi ikauke, nikamweleza jinsi nilivyotupa pesa. Akaniuliza, "Kaka, pale mwanzo ulipewa pointi elfu tano za ujuzi. Uliziweka wapi?"

Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimebofya endelea, endelea, kama mtu anayetia sahihi mkataba bila kuusoma.

"Basi umemtuma vitani mtu aliyefunzwa bastola juujuu tu," akasema, "halafu unamlaumu kwa kukosa shabaha."

Usiku ule niliipakua upya, na safari hii nilisoma kila kitu kilichoandikwa kwenye kioo.

Deus Ex ilitengenezwa na tawi la Austin, Texas, la kampuni ya Ion Storm, chini ya Warren Spector, Harvey Smith akiwa mbunifu kiongozi. Mwaka ni 2052. Wewe ni JC Denton, askari mpya wa UNATCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na ugaidi. Duniani kuna ugonjwa unaomaliza watu, Kifo cha Kijivu, na dawa ya kuutuliza, Ambrosia, ni haba kiasi kwamba kujua inakwenda kwa nani ni kujua nani anatawala. Mwilini mwako wamepandikiza mashine ndogo zisizoonekana kwa macho. Kaka yako Paul yuko kwenye kikosi hichohicho. Amekutangulia kazini, na yeye ndiye anayekupokea gatini siku ya kwanza.

Ujuzi uko wa aina kumi na moja: bastola, bunduki ndefu, silaha nzito, silaha za mkononi, milipuko, kufungua kufuli, elektroniki, kompyuta, tiba, kuogelea, na kutumia mavazi ya kujikinga. Kila mmoja una ngazi nne. Ujuzi wako wa bastola ukiwa mdogo, alama za shabaha kwenye kioo zinaanza zikiwa zimeachana sana, na ukitulia bila kutikisika zinasogeleana polepole. Nilizoea gemu ambazo mkono wa mchezaji ndio kila kitu. Hapa kuna mikono miwili, wako na wa JC, na wa kwake bado ni mgeni kazini. Risasi zangu zilizopiga ukuta hazikuwa ubovu wa gemu. Zilikuwa taarifa kuhusu mtu niliyekuwa nimemtengeneza mwenyewe kwa kutotaka kusoma.

Kisha nikagundua kitu kilichonikalisha vizuri kitini. Pointi za kuongeza ujuzi hazitolewi kwa kuua. Unapewa kwa kutimiza lengo, na kwa kufika mahali ambapo mtu mvivu hafiki: juu ya paa, chini ya gati, nyuma ya ukuta wa maji machafu. Ukiua walinzi ishirini hupati hata moja. Ukiwapita ishirini hao ukiwa umejikunyata gizani, hukosi chochote. Gemu nyingi zinasema una uhuru wa kunyata au kupiga risasi, lakini ukihesabu malipo unakuta risasi ndiyo inayolipa. Hii imeweka fedha yake mahali ilipoweka maneno yake.

Pale gatini Paul anakupa silaha moja kati ya tatu: mtambo wa makombora wa begani, bunduki ya mdunguzi, au upinde mdogo wenye mishale ya usingizi. Anakusihi usiue ovyo, kwamba kazi ya polisi si kuchinja. Nilichukua upinde. Nikakizunguka kisiwa kizima cha Sanamu ya Uhuru, kichwa cha sanamu kikiwa kimeshalipuliwa na magaidi, nikaona njia zake. Kuna mlango wa mbele wenye walinzi. Kuna gati la kaskazini ambako mtoa habari anakaa na ufunguo wa mlango huohuo. Kuna makasha yaliyopangwa nyuma, ya kupanda mpaka juu. Nilimaliza misheni ile kwa saa tatu, betri moja na nusu, na wafu wawili ambao mpaka leo nawakumbuka walipoangukia.

Niseme kuhusu betri. Gemu hii inakuruhusu kusevu karibu wakati wowote. Huo ni mtihani mkubwa kwa gemu ya maamuzi, kwa sababu mchezaji anaweza kujaribu kila mlango kisha akarudi na kuchagua uliompendeza, kama mtu anayeonja vyungu vyote jikoni. Nilijiwekea sharti: nitasevu laptopu inapokaribia kuzima tu, na nikirudi nitaendelea nilipoishia, sitarudi nyuma kufuta jambo. Nikifa, sawa, nitarudia. Nikikosea na bado nipo hai, kosa ni langu. Nadhani bila sharti lile nisingekuwa na la kuandika hapa.

Makao makuu ya UNATCO ndiko nilikoanza kuhisi kwamba ninatazamwa. Niliingia choo cha wanawake, kwa udadisi tu, nikatoka. Baadaye bosi wangu, Manderley, katikati ya mazungumzo ya kazi, akanigusia kwamba jambo lile halikumpendeza. Mtunza ghala la silaha, Carter, naye ana maoni yake kuhusu jinsi unavyotumia risasi, na yakibadilika utayaona mkononi mwake. Kwenye bustani ya Battery Park kuna mtoto anayeomba chakula. Nilimpa nilichokuwa nacho kwa sababu sauti yake ilinigusa, na yeye akanipa namba za siri za kuingilia ngome kwa mlango wa nyuma. Sikuona pahali popote palipoandikwa "msaidie mtoto" au "mpuuze". Aliomba, nikampa, na mambo yakabadilika.

Nalirudia hili kwa sababu ndilo kiini cha yote ninayotaka kusema. Siku hizi gemu ikitaka uamue jambo inasimamisha dunia. Muziki unabadilika, kioo kinagawanyika, maneno mawili yanakuja, moja la rangi ya wema na jingine la rangi ya ubaya, na wewe unajua kabisa kwamba sasa unaamua. Maishani hakuna anayekupigia kengele namna hiyo. Mambo mengi niliyoyaamua sikujua kwamba ninaamua mpaka miezi ilipopita.

Misheni ya ndege ndiyo iliyonikamata kwa mara ya kwanza. Unatumwa kumfuata Juan Lebedev, anayewasaidia waasi, ambao kikosi chetu kinawaita magaidi, kwa Ambrosia iliyoibwa. Unamkuta ndani ya ndege yake, anajisalimisha, hana silaha. Anaingia mkubwa wako kikazi, Anna Navarre, anakuamuru umuue. Lebedev naye anataka kukuambia jambo kuhusu kaka yako. Nilisimama. Nilitafuta maneno ya kuchagua kwenye kioo, hayapo. Nilisubiri gemu iniulize, haikuniuliza. Nilipokuwa bado natafuta, Anna akampiga yule mzee risasi mwenyewe.

Niliiweka laptopu pembeni nikatoka nje kunawa uso.

Baadaye nilijua kwamba pale palikuwa na njia nyingi. Ningeweza kumuua Lebedev kama nilivyoamriwa. Ningeweza kugeuza bunduki kwa Anna, na jambo hilo gemu inalipokea: fundi wa mawasiliano wa kikosi, Alex Jacobson, anakufichia siri kwenye kumbukumbu, na Gunther, mwenzake Anna wa siku nyingi, anakuja kulibeba moyoni. Mimi nilisimama tu, na kusimama kule kukahesabiwa kuwa jibu. Anna niliyemwacha hai nilikuja kumkuta tena, kwenye mlango wa kutokea makao makuu, siku niliyokuwa namhitaji asiwepo.

Mtu wa Arusha hawezi kuipita sehemu ile kwa wepesi. Mama yetu alikuwa mama lishe jirani na AICC, jengo la mikutano ya kimataifa, miaka ile ambayo Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapo. Magari meupe yenye herufi za UN tuliyazoea kama tulivyozoea daladala, na madereva wake walikula ubwabwa na maharage kwa mama. Hukumu ya kwanza ilitolewa Septemba 1998, ya Akayesu aliyekuwa meya wa Taba. Mahakama ikafungwa mwisho wa 2015. Nilipokua nilisoma sheria iliyoianzisha. Ibara ya 6 inasema kwamba kutekeleza amri ya serikali au ya mkubwa wako hakukuondolei hatia, ingawa kunaweza kuzingatiwa katika kupunguza adhabu. Silinganishi gemu na msiba ule, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba mtoto aliyekulia kwenye mabenchi yale alijua mapema kwamba "niliamriwa" ni neno linalopimwa. Nilikuwa nalijua, na bado nilisimama.

Kisha ikaja hoteli.

Kufikia hapo Paul ameshajulikana kuwa upande wa waasi, na kikosi kimewasha kitu ndani ya mwili wake cha kumuua taratibu. Amejificha kwenye hoteli moja chakavu New York. Anakuomba upeleke ishara ya redio kwa washirika wake, unaipeleka, na kwa kitendo hicho wewe nawe unakuwa mwasi. Unarudi chumbani kwake. Hajakaa sawa, anaongea kwa shida, na wanajeshi wameshalizingira jengo. Anakuambia uondoke, upite dirishani, yeye atawazuia.

Nikapita dirishani.

Sikufikiri hata sekunde mbili. Kaka amesema toka, nimetoka. Nilishuka ngazi za nje nikakimbia, na niliona nimefanya vizuri, kwa sababu gemu za risasi zimenizoesha kwamba mtu anayekuambia ukimbie anakuonyesha njia ya misheni inayofuata. Nilikamatwa mbele, kwenye mtego ulioongozwa na Gunther. Nikaamka kwenye seli. Nilipofanikiwa kutoroka nikafika chumba cha maabara ya tiba, na mwili wa Paul ulikuwa umelazwa pale.

Nilidhani ndivyo hadithi ilivyoandikwa. Wiki nzima niliamini hivyo. Yule kijana wa chuo alipokuja kuchukua chaja nikamwambia, "Wamemuua Paul, imeniuma." Akanitazama.

"Ulitokea wapi?"

"Dirishani."

"Mimi nilitokea mlangoni. Paul wangu yupo Hong Kong."

Inabidi nieleze kwa nini maneno yale yaliniingia kiasi kile. Kaka yangu ni kifungua mimba, mimi kitinda mimba, katikati yetu kuna miaka kumi na minne. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilipia ada na kuninunulia seti ya kwanza ya bisibisi. Mwaka 2019 alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, na alikuwa amechukua mkopo kwa mtu mmoja anayekopesha kwa riba kubwa. Miezi miwili ilikwenda vibaya. Jioni moja alinipigia akasema kesho wale watu wanakuja dukani. Nikasema nakuja. Akasema, "Usije. Wewe kaa na kazi yako, mdogo wangu. Nitamalizana nao mwenyewe."

Nikasema, "Haya kaka." Nikalala.

Walikuja watu sita. Walibeba vipuri, wakabeba na pikipiki yake ambayo haikuwa kwenye mkataba. Yeye alikuwa peke yake mlangoni. Alipokwenda kulalamika ofisi ya mtaa aliulizwa ana shahidi gani wa vitu vilivyochukuliwa, na hakuwa naye. Ningekuwepo ningeandika orodha tu, kalamu na daftari, hicho tu kilihitajika. Alifunga duka, akahamia Moshi, na mpaka leo anauza vipuri kwenye duka la mtu mwingine. Hajawahi kunilaumu. Hatujawahi kulizungumza. Nilimtii mkubwa wangu, na katika malezi yetu mtu anayemtii mkubwa wake hana deni.

Waliounda chumba kile cha hoteli walikijua kitu hicho. Walijua kwamba mtu anayekupenda anaweza kukuambia ondoka huku akikuhitaji ubaki, na kwamba utii unaweza kuwa mlango wa kutokea. Hawakuandika chochote kwenye kioo. Waliacha mlango na dirisha, vyote viwili vikifunguka.

Tangu hapo napima gemu za maamuzi kwa namna nyingine kabisa. Siulizi tena ina miisho mingapi. Naangalia inafanya nini na lile ambalo haikuniuliza. Nikisimama tu, je, dunia inasubiri, au inaendelea bila mimi? Nikifanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba, kuna mtu yeyote anayeliona? Na nikimwambia mtu mwingine kilichonipata, atasema "hata mimi", au atanitazama kama yule kijana alivyonitazama? Ndiyo maana siku hizi siandiki maoni yangu ya gemu ya aina hii kabla ya kukaa na mtu mwingine aliyeicheza. Peke yako unaiona njia yako tu, na njia ikiwa moja inaonekana kama hadithi iliyopangwa.

Niliicheza tena Februari 2024. Safari hii niliweka pointi kwenye kompyuta na kufuli, nikanyata kuliko mwanzo. Hotelini nilibaki. Si kazi ndogo kwa mtu aliyejijenga kwa kunyata: wanajeshi wanaingia, nafasi ni finyu, mishale ya usingizi inachukua muda mtu kuanguka, na katika muda huo anakupiga. Nilikufa mara nyingi. Nilipotoka mwishowe, kwa mlango wa mbele, nikiwa nimebakiwa na damu ya kuhesabika, sikuwa na hamu ya kusherehekea. Nilipomkuta Paul kule Hong Kong, anaongea kama mtu aliyepumzika, nilikaa nikimsikiliza mpaka akaanza kurudia maneno.

Kuna mengi ambayo hayajakaa sawa, na nayasema kwa sababu naipenda. Walinzi wanasahau haraka mno: umempiga mwenzao, wamekuona, unajificha nyuma ya kasha kwa muda mfupi na tayari wanarudi kwenye doria kama hakuna kilichotokea. Hapo kunyata kunapoteza uzito wake. Kuogelea ni ujuzi wa kupotezea pointi. Kule Hong Kong sauti za waigizaji wengi zinakwaruza masikio. Na palepale unapata upanga unaokata karibu kila kitu, watu, milango, makasha, na nilipoushika tu nikaacha kufikiri. Ilinibidi niutupe ili gemu irudi kuwa gemu. Nyongeza za mwilini zimepangwa vizuri zaidi, kila kopo lina mbili na unachagua moja tu, bila kurudi nyuma, lakini ukiwa na ile ya kujiponya unaishia kupita kwenye risasi kama mvua ya rasharasha. Nyuso za watu ni za mwaka 2000, hilo silihesabu.

Kasoro kubwa iko mwishoni. Ukifika Area 51, kambi ya siri ya jeshi la Marekani, gemu iliyokuwa kimya inaanza kupaza sauti. Tracer Tong, fundi wa Hong Kong aliye upande wa waasi, anakutaka ulipue kitovu cha mawasiliano ya dunia, watu warudi kwenye miji midogo inayojitawala. Morgan Everett, mkuu wa kundi la siri la Illuminati, anakutaka umuue Bob Page, tajiri aliye nyuma ya njama yote, kisha mtawale kwa siri. Helios, akili ya mashine, inakutaka muungane uwe mtawala asiyechoka. Milango mitatu, kila mmoja na mtu wake wa kuunadi. Paul awe hai au mfu, uwe ulimlisha mtoto au hukumlisha, milango inakukuta ileile. Ukisevu mara moja unaweza kuona miisho yote mitatu jioni moja. Saa zaidi ya ishirini za maamuzi yasiyotangazwa zinaishia kwenye maamuzi matatu yenye bango, na ninaona walichoka, au muda uliwaishia.

Hata hivyo mlango wa Tong niliufikiria baadaye kuliko nilivyotarajia. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikadorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Mezani kwangu watu walileta simu nzima wakidhani zimeharibika. Mara ya kwanza nilikuwa nimechagua kwa Tong kwa furaha, nikijiona mkombozi. Baada ya siku zile, nilipomwona mama mmoja amesimama mbele yangu na simu isiyo na tatizo lolote, akiniomba nimtengenezee kwa sababu mwanawe yuko Oman na hampati, nilijua kwamba nilichagua bila kumhesabu mtu yeyote.

Desemba 2024 kaka alikuja Arusha kula sikukuu na sisi. Alikuta laptopu imewaka, akauliza ni nini hicho, nikamwekea mwanzo mpya. Sikumweleza kitu zaidi ya vitufe. Anacheza polepole, kama anavyopanga vipuri. Alisoma ujuzi wote kumi na moja kabla ya kuweka pointi hata moja. Alichukua upinde. Yule mtoto wa bustanini alimpa chakula, namba za siri alizipokea akanigeukia kwa mshangao. Kwenye ndege alimpiga risasi Anna kabla hajamaliza sentensi, bila kuniangalia.

Siku ya tatu akafika hotelini. Nilikuwa namenya ndizi na mama, nikaacha kisu nikasogea. Paul akasema maneno yake. Kaka akamsikiliza mpaka mwisho, akageuza mausi, akapita dirishani.

"Umeondoka," nikasema.

"Si amesema? Mkubwa akishakuambia toka, anajua anachokiona." Akaendelea kushuka ngazi.

Sikusema neno. Akakamatwa, akaamka kwenye seli, akafungua kufuli moja baada ya nyingine kwa ule utulivu wake, na baada ya chakula cha mchana akaingia kwenye maabara. Nilimwona akisogea taratibu mpaka kwenye kitanda. Mkono ukabaki juu ya mausi bila kufanya kitu. Nje mama alikuwa anaita watoto waje kunawa.

"Kumbe angeweza kupona," akasema. Hakuwa ananiuliza.

"Ndiyo, kaka."

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza nilimsevia wapi mara ya mwisho.

Nilikuwa nimemsevia mlangoni mwa chumba cha Paul, asubuhi ile, alipokwenda kunywa chai. Nikavuta stuli, nikakaa karibu yake, nikamwonyesha.